Barua kwa mwanangu: Usivuke, mimi nitakufuata Gisenyi

Goma, Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Likizo umepewa, nauli unayo, na unataka kuja tuondoe matanga ya bibi yako pamoja. Halafu mwishoni ukauliza: "Mama, ni salama?"

Swali hilo ulishaniuliza. Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 26 Januari, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia mjini, nami nikakujibu tuko salama, lala mama. Nilikujibu nikiwa uvunguni mwa kitanda, nimemkumbatia bibi, huku nimefunika simu kwa kitenge ili usisikie milio. Nilikudanganya. Sikutaka ukeshe Nairobi kwa jambo usiloweza kulisaidia. Siku chache baadaye Umoja wa Mataifa ukasema maiti 2,000 zimeshazikwa hapa mjini, nyingine 900 zingali katika vyumba vya maiti, ndipo ukajua mwenyewe. Safari hii jibu langu ndilo litakalokupandisha basi au kukuzuia, kwa hiyo nakueleza mambo yalivyo.

Usiulize habari za Congo nzima. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Mtu anaweza kwenda Lubumbashi kesho, akafanya biashara zake na kurudi bila kusikia hata mlio mmoja. Wewe uliza barabara utakayopita. Uwanja wetu wa ndege umefungwa tangu Januari, kwa hiyo njia yako ni Kigali, Gisenyi upande wa Rwanda, halafu mpaka. Kigali sina wasiwasi napo, na basi la kuja Gisenyi ni saa tatu au nne hivi. Gisenyi pia leo imetulia, ingawa tarehe 27 Januari makombora yalianguka huko na watu wakafa. Unajua mwenyewe jinsi nyumba za Birere, mtaa wetu wa mpakani, zinavyotazamana na za kule.

Goma mchana utaiona kama ulivyoiacha. Chukudu, zile baiskeli za mbao, zinashuka na magunia ya makaa, akina mama wa soko la Kituku wanauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, watoto wanakwenda shule. Harusi zinafungwa. Ukipigiwa simu na rafiki yako akakwambia maisha yanaendelea, hasemi uongo. Ila saa kumi na mbili jioni sisi tunafunga mlango, na usiku milio ya risasi ni jambo la kawaida. Asubuhi unasikia nyumba fulani imeingiliwa. Wiki moja inapita kimya, wiki nyingine hailaliki. Hakuna mtu wa kukwambia ya kwako itakuwa ipi.

Na pesa. Benki zimefungwa tangu mji ulipochukuliwa na M23, kwa hiyo noti ni zile zile zinazozunguka. Juzi nilimpa mama wa sambaza noti ya franga 500. Ilikuwa laini kama kitambaa cha kuoshea vyombo, imeunganishwa kwa utepe katikati, namba hazisomeki. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia bila kusema neno. Dola ndiyo usiseme: ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha hakuna anayeipokea. Ukinitumia kwa simu, anayenitolea anakata chake, na si kidogo. Nakueleza haya kwa sababu ukiugua hapa utahitaji dola safi mkononi, siku hiyo hiyo. Isome na bima yako ya kazini. Karibu zote haziligusi jambo la vita.

Linaloninyima usingizi hasa ni kutoka. Kuingia hata leo utaingia. Lakini Januari nilishuhudia milango yote ikifungwa ndani ya siku mbili. Barabara za Masisi na Rutshuru zilikuwa zimekatika zamani, ndege hakuna, boti za Bukavu zikasimama, na mpaka nao ukafungwa kwa muda. Wageni walikuwa na ofisi za kuwatafutia magari ya kuwavusha. Wewe ni Mkongomani, hapa ni kwenu. Hakuna ubalozi utakaokupigia simu kukuuliza uko wapi. Mtoto wa nyumbani ndiye asiye na wa kumtoa.

Umeniandikia kwamba Congo na Rwanda wametia saini amani Washington tarehe 27 Juni, na Congo na M23 huko Doha tarehe 19 Julai. Nilizisikia kwenye redio, na siku ile ya kwanza nililia kwa furaha. Bado naomba zishike. Lakini watu wa Masisi na Walikale wanaendelea kukimbia hadi wiki hii. Karatasi haijafika kwao.

Sasa kaburi. Najua ndilo unalolitaka. Bibi alikimbia kutoka kwake Sake Februari 2024 na godoro kichwani, akakaa kwetu akihesabu siku za kurudi shambani kwake, na alituapisha tumzike kando ya babu yako. Tulimrudisha. Ni kilomita kama 25 tu, lakini shamba lile, Furaha, si lile ulilolima ukiwa mdogo. Kuna mabomu ambayo hayakulipuka. Kijana aliyechimba kaburi alitutangulia na fimbo ndefu, akafunga kitambaa chekundu kwenye mti mmoja katikati ya maharage, akasema pale msipite. Tulilibeba jeneza kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake. Shangazi yako alitaka kusogea pembeni apumzike, wote tukapiga kelele kwa pamoja. Hivyo ndivyo tulivyomzika mama yangu, bila wimbo, macho chini. Sitaki na wewe uipite njia ile ili kuweka maua.

Na kaka yako asifikirie kabisa kuja. Vijana wa umri wake wanakusanywa kwenye misako. Mengine nitakwambia kwa mdomo.

Kwa hiyo njoo, lakini uishie Gisenyi. Tutaondoa matanga huko. Mimi na shangazi tutavuka Jumamosi, tarehe 27, kupitia Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, kama tunavyovuka kila tukienda kununua vitu. Mimi mwanamke mzee mwenye kikapu, hakuna anayenitazama mara mbili. Nitakuletea kitenge chake cha buluu na rozari yake, na maharage ya shamba lake, yale yaliyovunwa kabla ya vita. Padri wa kule ameshakubali kutusomea misa. Tutalala usiku mmoja, tutakula, utalia unavyotaka.

Ukifika Kigali rudisha saa yako nyuma saa moja, maana Nairobi mko mbele yetu. Saa tatu asubuhi nitakuwa upande ule. Unisubiri mbali kidogo na mpaka, kwenye miti ya kando ya ziwa tulikokuwa tukikaa zamani. Nikichelewa usivuke kunitafuta, hata simu yangu ikiwa haipatikani, hata mtu akikwambia leo kumetulia. Kaa pale pale. Nitakuja.

Mama yako