Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kampasi yetu, Malindi: majibu ya hojaji ya kwanza yako wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Kampasi,

Pokea salamu zetu na heshima unayostahiki. Tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua tatu tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na kwa kuwa Jumatatu iliyopita umetoa waraka mpya: kila mwanafunzi ajaze hojaji ya ustawi yenye maswali 84, kwa simu yake na bando lake, na juu kabisa aandike nambari yake ya usajili. Asiyejaza hapewi kadi ya mtihani.

Mheshimiwa, hojaji ya kwanza ilijazwa Januari. Uliahidi mbele ya wanafunzi na walimu kwamba majibu yatasomwa hadharani, na kwamba mshauri nasaha wa pili ataajiriwa. Huu ni mwezi wa Mei. Hatujaona hata ukurasa mmoja, na mshauri ni yule yule mmoja.

Tunaanza na nambari ya usajili, maana ndiyo inayotutia hofu zaidi. Ndani ya hojaji hiyo mmeingiza PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona. Kina maswali 9, kila moja lina alama 0 hadi 3, na anayefika 10 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Swali la 9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo ya kufa au kujidhuru. Mwanafunzi anayejua kuwa nambari yake iko pale juu ataweka sufuri. Ana sababu: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu ya miaka mingi haiondoki kwa hukumu moja.

Na akijibu kweli, nani atasoma jibu lake, na lini? Waraka hausemi. Aliyejibu zaidi ya sufuri katika swali hilo anatakiwa azungumze na mtu aliyefunzwa siku hiyo hiyo. Kama hakuna wa kumpokea, swali hilo msilitume. Mtu atakuwa ameomba msaada kwenye simu yake usiku, chumbani mtaa wa Maweni au Barani, na asijibiwe na yeyote.

Kwa kazi mnayoitaka, WHO-5, hojaji fupi ya ustawi ya Shirika la Afya Duniani, inatosha. Ina kauli 5 kuhusu wiki 2 zilizopita: furaha, utulivu, nguvu, kuamka umeburudika, na siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila kauli ina alama 0 hadi 5. Jumla unaizidisha kwa 4. Aliyejibu 2, 1, 3, 1, 2 ana 9, yaani 36 kati ya 100. Kuanzia 50 kushuka ni dalili ya ustawi duni. Hujazwa kwa dakika mbili, hata kwenye karatasi, bila jina. Andikeni chini yake wapi pa kupata msaada, na kundi lenye watu chini ya 10 msilitangaze peke yake, wasije wakatambulika.

Lipo pia suala la msimu, ambalo hojaji iliyonakiliwa kutoka ng'ambo haiwezi kulijua. Januari kaskazi inavuma, watalii wapo, wavuvi wanatoka. Mei ni masika na kusi: hoteli nyingi zimefunga, vyombo vimepandishwa pwani, na karo na kodi za vyumba zinakwama. Ukilinganisha alama za Januari na za Mei bila kulieleza hilo, utasema kampasi imeharibika, ilhali labda ni mapato ya wazazi yaliyokauka. Ndiyo maana watafiti sasa hawaridhiki na kupima mara moja. Hufuata watu wale wale muhula hadi muhula, kwa kipimo kile kile.

Na mbona walimu hamkuwauliza? Tangu 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walipotoa kipimo chao cha uchovu wa kazi, inajulikana kwamba mtu aliyechoka hivyo huishiwa na nguvu, kisha huanza kuwaona anaowahudumia kama mzigo. Mhadhiri wa muda mwenye madarasa 4 ya watu 60 ana karatasi 240. Kwa dakika 15 kila moja, hizo ni saa 60 za kusahihisha, kwa malipo yanayochelewa. Semina ya kudhibiti msongo wa mawazo haitapunguza karatasi hata moja. Utafiti umehamia huko: kuuliza ratiba, karo, idadi ya wanafunzi darasani na malipo vinawafanya nini watu. Mkataba wa Okanagan wa 2015, mwito wa kimataifa kuhusu afya vyuoni, uliviita vyuo viweke afya ndani ya uendeshaji wao wote.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kuthibitishwa upya. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi 8, na takriban theluthi moja walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili. Afrika iliwakilishwa na nchi moja tu, Afrika Kusini. Kwa hiyo majibu ya watoto wa Malindi yana thamani kubwa, nayo yamefungiwa kabatini.

Sitisha waraka. Ondoa sharti la kadi ya mtihani. Lakini kama utafanya moja tu, Mheshimiwa, rudisha majibu ya Januari. Walioyajaza walikuamini, na bado wanauliza kila wiki. Yasomwe ukumbini, mbele yao, kabla hawajaulizwa tena.

Wako kwa heshima,
Walimu na mshauri nasaha wa kampasi