"Pedro Navaja" upigwe mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watangazaji na madijei wanaoupiga "Pedro Navaja" kisha wakaukata katikati. Wimbo huu wa Rubén Blades wa Panama, aliourekodi na mpiga tromboni Willie Colón katika albamu ya Siembra mwaka 1978, una zaidi ya dakika 7. Ulipotoka, urefu huo ulitiliwa shaka, kwani redio zilizoea nyimbo fupi. Wasikilizaji ndio waliokata shauri: waliupenda mzima, na Siembra ikawa miongoni mwa albamu za salsa, muziki wa dansi wa Kilatini, zilizouzwa sana kuliko zote.

Anayeruka mwanzo ili afike upesi kwenye tromboni, yaani zile tarumbeta ndefu za kuvuta, anajinyima utamu wenyewe. Wimbo unaanza na ngoma na sauti ya mwimbaji tu, ala zinaongezeka moja moja, na ufunguo, yaani kimo cha sauti, unazidi kupanda kadiri kisa kinavyosogea. Asili ya mtindo huo ni wimbo wa jambazi mwenye kisu wa Wajerumani wawili, mwandishi Bertolt Brecht na mtunzi wa muziki Kurt Weill, wa mwaka 1928. Tromboni zinapoingia zinakushtua kwa sababu umezisubiri.

Sasa kisa. Pedro anapita mtaani New York, mikono mfukoni ili asijulikane kisu kiko mkono upi, kofia pana imelazwa upande, jino la dhahabu liking'aa kila anapocheka. Mbele kidogo kuna mwanamke anayejiuza, ameizunguka njia mara ya tano bila mteja. Ubeti unaopotea mara nyingi ni ule anapotoa bastola ya .38 kwenye koti lake kuukuu ili aitie mkobani isimsumbue. Pedro anamvamia wakati huohuo, ndiyo maana bastola iko tayari. Ukiukosa ubeti huo, risasi inalia na hujui imetoka wapi.

Wote wawili wanaanguka, na hakuna jirani anayetoka nje. Mlevi anajikwaa kwenye miili, anaokota bastola, kisu na pesa, anajiendea zake akiimba ovyo. Anachoimba ndicho kiitikio maarufu, kwamba maisha yana mambo ya kushangaza. Yaani kiitikio ambacho watu wanakishangilia ukumbini kimetoka kinywani mwa mlevi aliyewapora maiti! Baadaye mtangazaji anasoma habari ya miili hiyo, na waitikiaji wanaimba kwamba wanapenda kuishi Marekani. Ukizima kabla ya hapo, umeondoa uchungu wote wa wimbo.

Kwa wachezaji, tatizo liko mwanzoni. Konga, ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono, inatoa mlio wake wa wazi kwenye pigo la 4 na nusu yake, na kwa kuwa ala nyingine bado hazijajaa, wengi wanaudhani huo ndio mwanzo wa hesabu. Wanaanza mguu mapema, kisha wanahangaika piano na besi zikishaingia. Dawa ni kutulia beti mbili za kwanza, kuhesabu 1 hadi 8 kimoyomoyo, ndipo uingie kwenye 1: unakanyaga 1, 2, 3, unapumzika 4, unakanyaga 5, 6, 7, unapumzika 8. Ufunguo ukipanda usiongeze mwendo, kilichopanda ni sauti tu.

Wimbo huu ulizaa filamu nchini Mexico mwaka 1984, na mwaka 1985 Blades mwenyewe aliuendeleza katika "Sorpresas", ndani ya albamu ya Escenas, ambamo Pedro anaonekana kumbe hakufa. Kwa hiyo mwenye kipindi cha robo saa azipige nyimbo hizo mbili zikifuatana, na baina yake asome muhtasari wa kisa kwa Kiswahili. Mwenye dakika 3 achague wimbo mwingine.

Mpenzi wa salsa