Shahidi Aandikwe kwa Maneno Yake

Mhariri,

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili nilimtetea bibi mmoja wa Majengo katika mahakama ya hakimu hapa Mombasa. Warithi wa mwenye ardhi walitaka kumtoa. Nyumba ilijengwa na marehemu mumewe, kwanza ya udongo na makuti, baadaye ya mawe na mabati, na miaka yote hiyo walilipa kodi ya ardhi bila kukosa. Alipoulizwa kizimbani nyumba ni ya nani, alijibu kwa Kimvita chake kilichonyooka: "Nyumba ni yangu, nti ndiyo ya wenyewe," yaani ardhi ndiyo ya wengine. Mkalimani akatafsiri, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Nilipoomba kumbukumbu zisomwe, nilisikia kwamba bibi amekiri kuwa yeye ni mpangaji.

Mpangaji hupewa notisi, akafunga virago vyake akahama. Bibi yule alikuwa na mali: angeweza kuiuza nyumba yake, na akifa wanawe wangeirithi. Kulirekebisha neno hilo moja kulichukua vikao viwili. Tulipotoka nje aliniuliza, "Mwanangu, kwani miye nimesema hivyo?"

Simlaumu mkalimani. Alikuwa akitafuta neno la Kiingereza kwa jambo ambalo sheria ya Uingereza hailijui. Kwao, tangu kwa Warumi, kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, kwa hiyo nyumba huifuata ardhi yake. Kwetu pwani, nyumba yaweza kuwa ya huyu na ardhi ikawa ya yule. Nyumba bila ardhi, tunavyoita, zimejaa Majengo, Kisauni na Likoni, na mahakama zetu zimeukubali utaratibu huo kwa miaka mingi. Lakini kila mara hukubaliwa baada ya mtu kusimama na kueleza upya kile ambacho mtoto wa Majengo anakielewa kwa sentensi moja.

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika Mahakama ya Zamani, lile jengo la 1902 lililo karibu na Ngomeni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma hukumu za zamani, na humo ndimo nilimokutana na kitabu kiitwacho Minhaj. Imamu Nawawi wa Sham (Syria) alikiandika kwa Kiarabu katika karne ya 13, na ni nguzo ya madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa. Waholanzi waliokuwa wakiwatawala Waislamu wa Indonesia walihitaji kukielewa, na msomi wao Van den Berg akakifasiri kwa Kifaransa, kikachapwa Batavia (Jakarta ya leo) kuanzia 1882. Mwaka 1914 Howard akakigeuza Kifaransa hicho kuwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ya tafsiri ndiyo waliyoitegemea majaji wa kikoloni wa Afrika Mashariki walipoamua mirathi na wakfu za wazee wetu (wakfu ni mali iliyotolewa sadaka ya kudumu, isiuzwe wala kurithiwa), na huku mjini humu humu wapo makadhi waliokisoma kitabu kile kile kwa Kiarabu chake na kukieleza kwa Kiswahili kila siku.

Na matokeo yake hayakuwa madogo. Mwaka 1894 wazee wa baraza la rufaa kule London, katika kesi iliyotoka Bengal, waliamua kwamba wakfu wa kuwanufaisha watoto na vizazi vya mwenye kuweka wakfu, huku maskini wakitajwa mwisho kabisa, si wakfu wa kweli. Kwa Kiingereza cha wanasheria, sadaka ni ya umma. Kwetu, ukimpa jamaa yako mhitaji umetoa sadaka na umeunga udugu kwa wakati mmoja. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. India ilibadilisha sheria yake mwaka 1913, lakini kesi ya Kenya ilipofika London mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliamuliwa kwa msimamo ule ule wa kale. Ilibidi Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 ije kuutambua wakfu wa familia hapa kwetu. Nikilisoma faili la wakfu wa wakati ule, ninayemfikiria ni mzee aliyeweka nyumba yake kwa ajili ya wajukuu, akafa akiamini kwamba amelimaliza jambo lake.

Nayasimulia haya kwa sababu bado tunafanya vile vile. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kilichotajwa kwanza. Lakini kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Mahakama za chini zimeruhusiwa Kiingereza au Kiswahili, ila kalamu ya hakimu huandika Kiingereza. Angalia yanayotokea kwa kesi ya mirathi. Mbele ya kadhi, mjane na mashemeji wanasema Kiswahili, kadhi anasikiliza Kiswahili. Mmoja akikata rufaa, kesi inapanda Mahakama Kuu, na kuanzia hapo wenye msiba hawaelewi wanasemwa nini hadi wakili awaeleze nje.

Wenzangu wengi hunijibu kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Hoja hii huniumiza, hasa ikisemwa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akichapa gazeti la Al-Islah hapa mjini mwaka 1932, akijadili dini, elimu na siasa kwa Kiswahili, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1968, alifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili. Lugha iliyobeba hayo itashindwa na notisi ya kuhama? Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Najua kazi ni kubwa: vitabu vyetu, na hukumu zote tunazozitegemea, viko kwa Kiingereza, na mimi mwenyewe nilisomea sheria kwa Kiingereza na huandika hoja zangu kwa Kiingereza haraka zaidi. Sidai kila kitu kigeuzwe mwaka huu.

Nadai jambo moja sasa hivi, nalo halihitaji Bunge. Hakimu anapoandika ushahidi wa mtu aliyesema Kiswahili, yale maneno yanayobeba haki yake, yaani nyumba, ardhi, mahari, talaka, wakfu, mkopo, ayaandike kama yalivyotamkwa, na tafsiri ifuate kando. Jaji wa rufaa atajionea mwenyewe shahidi alisema nini. Kifungu cha 86 nawaachia wabunge wetu wa pwani, na ningependa kusikia kutoka kwao.

Ombi hili nitaliwasilisha pia katika kikao kijacho cha kamati ya watumiaji wa mahakama hapa Mombasa. Mawakili, makarani na wakalimani walio na mifano kama huu wa bibi wa Majengo, tafadhali waje nayo.

Wakili,
Kibokoni, Mombasa