Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Lindi: prepo ya alfajiri inawamaliza watoto

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo kama umenizidi. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi habari za kazi.

Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho huku Mingoyo. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, kwa hiyo habari za kukesha nazijua kwa mwili wangu. Kilichonifanya niandike ni daftari.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi nilifungua daftari lake la Kiswahili. Juu ya ukurasa mwandiko umenyooka vizuri: "Kitenzi ni neno linaloarifu jambo." Chini yake, "Kitenzi kisaidizi ni," halafu herufi zinaanza kulegea, na mbele kidogo kalamu imeteleza ikachora mstari mmoja mrefu mpaka ukingoni mwa karatasi. Kurasa tatu zina mstari wa namna hiyo. Pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Uchafu!" Ule si uchafu, ndugu yangu. Hata kitabu changu cha lindo kina mistari kama ile, sema msimamizi wangu hana tabia ya kupekua.

Shule yao, ambayo sitaitaja, ina prepo ya alfajiri, yaani kipindi cha kujisomea kabla ya masomo, inayoanza saa 11 na nusu. Kutoka kwetu ni mwendo wa dakika 50 kwa mguu, kwa hiyo mtoto anaamka saa 10 usiku. Mwezi wa Juni huku kwetu jua linachomoza karibu saa 12 na nusu. Wanatembea gizani wakimulika kwa tochi ya simu ya mmoja wao. Jioni anarudi, anateka maji, anapika, anaosha vyombo, anafanya kazi za shule. Mpaka ubavu uguse mkeka ni saa 5. Hesabu mwenyewe: usingizi wa saa tano tu.

Lindo ni refu na bando la usiku ni rahisi, basi nikaanza kusoma mambo ya usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Utaniambia alale mapema. Nilimwambia hivyohivyo, na nikamwona anavyojigeuzageuza kitandani. Kumbe mtoto akishabalehe, saa ya mwili wake inasogea mbele: ile homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala inachelewa kutoka kuliko alipokuwa mdogo. Usingizi wenyewe unachelewa kuja, na asubuhi unakuwa bado haujamwacha. Sisi tunauita uvivu.

Lakini kilichonitisha zaidi ni utafiti uliotolewa mwaka 2003 kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Watu wazima wenye afya nzuri walilazwa saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Walipopimwa wepesi wa akili, walikuwa wamedorora kama mtu aliyekesha hadi siku mbili mfululizo. Na wenyewe walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu! Hao ni watu wazima, na walilala saa moja zaidi ya binti yangu. Ndiyo maana ukimuuliza mtoto, "Umechoka?" anakujibu, "Hapana baba, niko poa."

Halafu kuna hili la kukariri. Mwaka 1924, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach, waliwakaririsha wanafunzi silabi zisizo na maana. Walipolala baada ya kukariri walikumbuka nyingi kuliko walipobaki macho kwa muda uleule. Tangu hapo wengine wengi wamechimba jambo hilo, na inaonekana ubongo unapolala ndipo unapoyapanga yale ya mchana. Sasa sisi tunamwamsha mtoto saa 10 ili aongeze masomo, tunamkata palepale masomo ya jana yanapotulia.

Na mbu je? Mbu wa malaria anauma sana kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Serikali imetugawia vyandarua, kisha tunawatoa watoto ndani ya vyandarua saa ileile.

Walimu siwalaumu sana. Nao wanaamka usiku, na matokeo yakiwa mabaya wanaoitwa kujieleza ni wao. Na lazima niseme ukweli: prepo hii ilipitishwa kwenye kikao cha wazazi, na mimi niliinua mkono. Nilikuwa nimetoka lindo moja kwa moja. Nakumbuka kuinua mkono. Kilichosemwa kabla ya hapo sikikumbuki.

Ninachokuomba ni waraka wa ukurasa mmoja kwa shule za kutwa za mkoa: mwanafunzi asitakiwe shuleni kabla ya jua kuchomoza. Siombi makubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri tangu 2014 kwamba sekondari zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi, na jimbo la California likaweka sheria kwa shule za juu za sekondari. Huko sitaki tufike leo, najua jua letu la saa 8 mchana lilivyo. Prepo ihamie saa 9 alasiri, kengele ikishalia. Na fimbo kwa anayesinzia darasani ikome, maana haijawahi kumlaza mtu.

Kikao kingine cha wazazi ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa 3 asubuhi. Ukituma mtu wako tutafurahi. Mimi nimeshabadilishana zamu na mwenzangu ya usiku wa kuamkia siku hiyo, nihudhurie nikiwa nimelala.

Mzazi na mlinzi,
Mingoyo, Lindi