Kijiko cha fedha hakitambui uyoga wenye sumu

Mhariri,

Masika yakiingia na uyoga ukichomoza mashambani, zinarudi kanuni za jikoni: tia kijiko cha fedha chunguni, kikisawijika mwaga, tia thomu au punje za mchele, utazame rangi, uliotafunwa na konokono unalika. Hakuna hata moja inayofaa. Fedha husawijika kwa gesi ya salfa, ndiyo maana hata yai la kuchemsha huitia weusi. Amatoksini, sumu inayoua kuliko zote za uyoga, haiigusi. Konokono naye hula uyoga huo na asidhurike. Kuchemsha, kukaanga na kuanika, vyote haviiondoi.

Sumu hii imo katika Amanita phalloides, uyoga wa misitu ya mialoni ya Ulaya. Nusu ya kofia moja yatosha kumuua mtu mzima. Inasimuliwa kuwa Kaisari Claudius wa Roma aliuliwa kwa sahani ya uyoga mwaka 54, na kifo cha Charles VI wa Austria mwaka 1740, baada ya mlo wa uyoga, kilifuatiwa na vita vya kurithi taji. Amanita phalloides ukiwa mchanga unafanana mno na uyoga wa mabua ya mpunga, na waliohamia Marekani na Australia kutoka Asia wamekufa kwa kuvichanganya.

Kwa hiyo uyoga wowote usiung'oe. Uchimbue kwa kisu utazame chini ya shina: kikombe cheupe pale, pamoja na pete juu yake, ni sababu tosha ya kuuacha. (Bara wapo wanaokula wa miombo wenye kikombe, lakini wanaujua tangu utoto.) Kisha kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ifunike bakuli usiku kucha. Asubuhi tazama unga uliodondoka kutoka kofia: mweupe ni wa kuogopwa. Wa waridi ni wa uyoga wa mpunga. Wa kijani ni wa ule mkubwa wa kwenye majani, unaotapisha vibaya. Lakini rangi ya unga peke yake hairuhusu mtu kula.

Linalowaponza wengi ni saa. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 24, ndipo kutapika na kuharisha kunaanza. Baadaye mgonjwa hupata nafuu, watu wa nyumbani wakashukuru, kumbe ini linaharibika; siku ya tatu hadi ya tano hali huwa mbaya kabisa. Maziwa na madafu hayaitoi sumu. Mpelekeni hospitali hata kama amepata nafuu, mtaje saa aliyokula, na mchukue mabaki ya uyoga ndani ya karatasi, maana kwenye mfuko wa plastiki huoza upesi. Aliyetapika mapema naye asiachwe nyumbani: chungu kimoja huweza kuwa na uyoga wa aina mbili.

Msomaji,
Wete, Pemba