Majina ya waliopiga wimbo yanapotea, na sisi wenye tovuti tumechangia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba tovuti za habari za muziki zimekwisha kazi, kwa kuwa siku hizi msanii ana simu yake, ana kurasa zake na ana mashabiki wanaomsubiri huko huko, hivyo hahitaji mtu wa kumtangazia wimbo. Mimi ninaendesha tovuti ya aina hiyo hapa Morogoro tangu mwaka 2014, nikisaidiwa na kijana mmoja wa picha, na sikukusudia kujitetea, kwa sababu sehemu kubwa ya aliyoyasema ni kweli. Ila ametupima kwa kazi ambayo haikupaswa kuwa yetu tangu mwanzo, na ile iliyopaswa kuwa yetu, ya kuandika majina ya waliotengeneza wimbo, ameisahau. Simlaumu, kwani wengi wetu tuliisahau kabla yake.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tukiishi. Nilipoanza, msanii chipukizi alikuwa na njia mbili za kusikika: redio, ambako ilimpasa afahamiane na mtangazaji au DJ, na tovuti kama yangu, iliyouweka wimbo ili watu waupakue bure. Kaseti zilizowatajirisha wasambazaji wa Kariakoo zilikuwa zimeshakufa, na CD zilikuwa zinakata roho. Serikali ilipoanza mwaka 2013 kutaka zibandikwe stempu za kodi, wateja wengi walikuwa tayari wanarushiana nyimbo kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu. Muziki ulihamia kwenye simu, na huko karibu hakuna aliyekuwa na duka. Sisi tukawa duka, lakini duka la ajabu: tuligawa bure mali ya watu, tukajipatia wasomaji, na juu ya hayo tukamtoza mwenye mali. Mimi nilitoza shilingi 30,000 kwa wimbo. Wengine waliniletea mkononi pale Msamvu, noti zimekunjwa mara nne, nami nilizipokea bila haya.

Usiku wa manane simu ingelia. Ni faili lenye jina "FINAL 3", picha moja ya kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba chenye giza, na maneno haya: "Kaka mkubwa, kitu kipya hicho, nirushie." Basi. Aliyetunga ni nani, aliyetengeneza mdundo ni nani, sauti ya kike kwenye kiitikio ni ya nani, hakuna. Na mimi sikuuliza, kwa kuwa msomaji wangu naye hakuja kusoma. Alikuja kubonyeza palipoandikwa "pakua". Kwa miaka kadhaa nilijiita mwandishi wa habari za muziki ilhali nilikuwa bawabu.

Kisha mambo yakageuka. Programu ya kusikilizia muziki ya Boomplay ilikuja ikiwa tayari imo ndani ya simu za Tecno, nyingine ya Audiomack ikafuata, na mwezi Februari 2021 Spotify ikafunguliwa Tanzania na katika nchi nyingine nyingi kwa mkupuo mmoja. Msanii akaanza kupeleka wimbo kwa wakala wa usambazaji, anayeuingiza kwenye programu hizo, siku ya pili anaweka kiungo kwenye ukurasa wake, na yule aliyekuwa akinitafuta usiku wa manane hakunitafuta tena. Mwaka huo huo nilizifuta nyimbo zote zilizokuwa kwenye tovuti yangu. Ningependa kusema niliongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini ukweli ni kwamba biashara ilikuwa imekwisha, na toba ya aliyeishiwa si toba kubwa. Wasomaji walipungua mpaka nikadhani takwimu za tovuti zimeharibika.

Baadhi ya wenzangu waliobaki walikimbilia kiki. Wasomaji wako wanajua kiki inavyopikwa: wasanii wawili wanarushiana maneno mitandaoni, mmoja anafuta picha za mwenzake, mashabiki wanagawana pande, na wiki mbili baadaye wimbo unatoka. Tovuti inayoandika ugomvi huo inajua kwamba umepangwa, tena wakati mwingine imelipwa kuuandika, lakini inauandika kama habari. Mimi niliweka kanuni moja, kwamba habari yoyote iliyolipiwa itaandikwa TANGAZO juu yake kwa herufi kubwa. Karibu wateja wote wa aina hiyo waliondoka, kwa sababu anayelipa hataki ionekane kwamba amelipa. Waliobaki ni wenye saluni, fundi simu wawili na ukumbi mmoja wa Kihonda, na hao ndio wanaolipia hifadhi ya tovuti, ambayo hulipwa kwa dola. Nikikumbuka kwamba kwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 mwenye blogu alitakiwa atoe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni ya awali na milioni nyingine kila mwaka, nashangaa tulivyovuka. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, nami sitaki zinitoe nje ya hoja yangu.

Hoja yangu ni majina. Santuri za zamani, kwa upungufu wake wote, zilikuwa na duara la karatasi katikati lenye jina la bendi na mara nyingi la mtunzi. Kwa bendi nyingi za nchi hii studio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilitengenezwa Nairobi, hadi mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 na njia hiyo nayo ikawa ngumu. Hapa Morogoro tunajivunia Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Majina hayo hayatapotea. Lakini nyuma yao alikuwepo mpiga rizimu, mpiga besi, mpiga tumba na wapuliza saksafoni, na ukitaka kujua nani alipiga nini katika wimbo gani, utamkuta mzee mmoja amekaa barazani, naye akiondoka ameondoka na jibu.

Mzee wa namna hiyo nilimpata mtaa wa Mji Mpya, hapa mjini, aliwahi kupiga besi katika bendi moja ya hapa. Nilikwenda kwake alasiri tatu. Siku mbili za kwanza alinijibu kwa ufupi, kama mtu anayehojiwa na polisi. Siku ya tatu niliacha maswali nikamwekea wimbo kwenye simu. Alifumba macho, vidole vikaanza kutembea juu ya mkono wa kiti, na gitaa la solo lilipoingia akainua kidole: "Hapo ni yeye. Msikilize, mwanangu, anaburuta kidole, kwa sababu kilikuwa na jeraha wiki ile." Kisha akalitaja jina ambalo mimi, niliyeandika habari za muziki miaka yote hiyo, sikuwahi kuliona mahali popote. Mjukuu wake aliyekuwa anatuletea maji alisimama na jagi mkononi. Alimjua babu yake kama mstaafu wa reli tu.

Mahojiano hayo niliyachapa, na hapo yakanipata mengine. Kwa haraka niliandika kwamba mzee alizaliwa Kilombero, wakati aliniambia Kilosa. Baada ya siku tatu nikasahihisha, lakini ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ulikuwa umeshanakili habari yote, neno kwa neno pamoja na kosa langu, bila kututaja mimi wala tovuti. Nilipowaandikia, walinijibu kwa alama ya dole gumba. Hivi karibuni nikaiuliza programu moja ya akili unde habari za mzee yule, nayo ikanieleza, kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba alizaliwa Kilombero. Kosa langu la dakika moja sasa lina wasomaji wengi kuliko masahihisho yangu, nami siwezi kulikamata tena.

Msomaji mwenzangu atasema hayo ni ya wazee. Sivyo. Wimbo wa leo ukipelekwa kwa wakala wa usambazaji hupewa msimbo wa ISRC wenye tarakimu na herufi 12, lakini msimbo huo unatambulisha rekodi, haumtambulishi aliyetunga. Spotify inaonyesha majina ya watunzi na watayarishaji tangu mwaka 2018, ila inaonyesha yale tu yaliyojazwa na aliyeupakia wimbo, na mara nyingi huyo ni binamu wa msanii mwenye intaneti nzuri, ambaye kwenye kila kisanduku anaandika jina la msanii: mtunzi yeye, mtayarishaji yeye, mpiga vyombo yeye. Kijana wa Kihonda aliyekesha akitengeneza mdundo hayumo. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo mwanzoni hakuna cha kugombania na kila mtu anaona majina ni urembo. Siku wimbo ukishika, ugomvi unaanza, na wa kuthibitisha hayupo.

Mwaka jana mtayarishaji mmoja alinijia akiwa na daftari, akaniomba nimtafutie habari niliyoandika mwaka 2016, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotaja jina lake, studio na tarehe ya kurekodi. Ilikuwa habari ya mistari sita ambayo hakuna aliyeisoma wakati ule. Niliichapisha kwenye karatasi, nikampa, nao wakamalizana na msanii wakiwa wamekaa mezani na karatasi ile katikati yao. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia, Ndugu Mhariri, na msanii hawezi kujifanyia mwenyewe kwenye ukurasa wake, kwa sababu yeye ni upande mmoja wa shauri.

Muziki wa singeli ni mfano mwingine unaoniuma. Ulikulia kwenye vigodoro, sherehe za mitaani za usiku kucha, vya Dar es Salaam, na mwaka 2017 lebo ya muziki ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliutoa muziki wa vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, ukafika Ulaya. Wasomaji wa huko wakaelezwa ni nani anatengeneza nini na kwa mashine gani. Sisi tulikuwa tunaandika nani kanunua gari. Mtu wa mbali akija kutuandikia historia yetu hatuna haki ya kununa, maana kalamu tulikuwa nayo.

Sijidanganyi kwamba kazi ya namna hii italeta utajiri. Hata Marekani, Pitchfork, tovuti ya muziki iliyokuwa na jina kuliko zote, iliunganishwa na jarida la mavazi ya wanaume la GQ mwezi Januari 2024, na wengi wa waandishi wake wakapoteza ajira. Iwapo wao wameshindwa kusimama peke yao, mimi wa Morogoro mwenye matangazo ya saluni sina wa kumlaumu. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Wasanii na mameneja wanaotutumia kazi watume na majina: mtunzi, mtayarishaji, waimbaji wa kiitikio, wapiga vyombo, studio na tarehe. Mimi wimbo usio na majina siuandiki tena, hata uwe wa nani, na naomba wenzangu wa redio na magazeti wafanye vivyo hivyo, kwani tukikataa sote, mameneja watajifunza ndani ya mwezi mmoja. Gazeti lako nalo lina nakala za zamani zenye kurasa za burudani, zenye matangazo ya madansi, majina ya kumbi na ya wapigaji. Nakala hizo zikipigwa picha na kuwekwa mahali mtu anaweza kutafuta, zitatusaidia kuliko semina yoyote ya wadau.

Na kwa kuwa gazeti lako linasomwa na watu wazima wengi kuliko tovuti yangu, nimalizie kwa ombi. Pamoja na barua hii nimekutumia picha ya bendi moja ya hapa Morogoro, iliyopigwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Wamesimama saba. Sita mzee wangu wa Mji Mpya amewataja. Wa tatu kutoka kushoto, mfupi, aliyeshika tumba chini ya kwapa na kuangalia pembeni badala ya kamera, jina limemtoka. Anakumbuka tu kwamba alikuja kutoka Ifakara na kwamba alikuwa hali samaki. Ukipata nafasi ya kuichapa, msomaji anayemfahamu au ndugu yake aandike kupitia kwako.

Mwendesha tovuti ya habari za muziki,
Morogoro