Asante, dada wa koti la kijani

Dada uliyekaa na binti yangu kwenye foleni ya usaili wa SETC (jumuiya ya tamthilia ya kusini-mashariki mwa Marekani), popote ulipo, Mungu akuzidishie. Anasomea maigizo ya muziki chuoni, na alikuwa akitafuta kazi ya jukwaani ya kiangazi. Sekunde 90 tu, kuimba na kuigiza humo humo! Ulimpangia karatasi zake za muziki kwenye faili, kurasa zikitazamana ili mpiga piano asihangaike kufunua, ukatia alama pa kuanzia na pa kukomea. Ukamwonya asimlizie mpiga piano vidole. Kasi ya wimbo aioneshe kwa kumwimbia kidogo, kwa sauti ya chini. Na wewe mwenyewe (hili ndilo lililonishangaza) uligombea nafasi zilezile. Binti kazi kapata. Namba yako hatukuchukua. Ukiona hapa, tuandikie.